Kutoka Moya Mpaka Tano

Mwanaume niliyempenda alikuja kunipima woga siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na Bic ya buluu mkononi.

Alikaa upande wa pili wa meza, katika chumba kidogo cha chanjo, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, kama mtu ambaye hatujuani. Wiki sita sikuwa nimemwona Guelor. Mama yake alimkataza kukanyaga kwetu Kasungami tangu aliposikia nimepangwa jengo la nyuma, kule hospitali yetu ilikowalaza wagonjwa wa corona. Simu alikuwa anapiga, nisimsingizie. Lakini simu haina macho, na mimi nilikuwa na njaa ya macho yale.

"Bonjour, madame," akasema.

"Madame nani? Guelor, usinichekeshe."

"Protocole, Lombe. Acha nisome kwanza." Akainamia karatasi. "'Majibu yako ni siri. Jina lako halitaandikwa, utapewa namba tu. Hakuna mkubwa wako wa kazi atakayejua ulichosema.' Unakubali?"

"Bantu bote ya hii hospitali, na we njo banakutuma kuniuliza mi?"

"Jina yako ilikuwa kwa liste ya Wivine, mwenzangu wa masomo. Nikamuomba tubadilishane."

"Juu ya nini?"

"Nilikuwa na hamu ya kukuona."

Alisema bila kuinua uso, masikio yakamwiva. Mimi nami, mjinga wa watu, hasira yote niliyoiweka akiba wiki sita ikanitoka palepale. Nikasema nakubali.

Guelor alikuwa anamalizia masomo ya afya ya jamii, na profesa wake alitaka kujua wauguzi wa mji wetu wanaogopa kiasi gani, sasa ugonjwa umeingia mwaka wa pili. Mara ya kwanza karatasi waliziacha kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo tujaze wenyewe. Zikarudi ishirini na mbili, na zote zimezungushiwa namba moja, yaani siogopi kabisa.

"Moya kila mahali," Guelor akasema. "Profesa alicheka mpaka akakohoa. Alisema hata majiwe ya barabara haiwezi kujibu sawa vile. Njo maana tunauliza sasa na mudomo."

Sababu niliijua, maana nilikuwapo. Mkubwa wetu, Kapya, tuliyemwita Yaya kama ndugu mkubwa, muuguzi wa zaidi ya miaka hamsini mwenye kitambi na ulimi wa pilipili, alifunga mlango siku ile akatuambia: "Munisikilize. Kila mutu aandike moya. Moya, moya, mpaka chini. Ukiandika tano, batasema uko mugonjwa ya roho, batakutoa kule nyuma. Na bakikutoa, nani atanishikia toroli?"

Usicheke toroli. Chupa ya oksijeni inakaribia urefu wangu, na mfuko wa saruji hauifikii uzito. Jengo la nyuma lina ngazi mbili mlangoni. Mmoja anavuta toroli, mwingine anashika kichwa cha chupa isianguke. Peke yako huwezi, hata ungekuwa Samsoni. Zamu yetu ilikuwa ya watu watatu: Kapya, Plamedie na mimi. Plamedie akaupata ugonjwa, akafa. Tukabaki wawili, na wagonjwa tisa.

"Swali la kwanza," Guelor akasoma. "Moja ni hapana kabisa, tano ni sana sana. Asubuhi ukiamka kwenda kazini, unaogopa kiasi gani?"

"Moya."

"La pili. Usingizi unakukimbia?"

"Moya."

"La tatu. Unanawa mikono hata pale ambapo si lazima?"

"Moya."

Akaweka Bic chini. "Lombe. Toa mikono chini ya meza."

"Hiyo iko swali ya ngapi?"

"Toa, tafazali."

Nikatoa. Javel, dawa kali ya kusafishia, ilikuwa imekula ngozi mpaka katikati ya vidole, na mahali pawili palikuwa panatoka damu. Guelor aliitazama mikono yangu, halafu akanitazama mimi. Siku hizo majirani wa Kasungami walikuwa wananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, na watoto wa dada yangu walikatazwa kunikumbatia. Hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo tangu mwezi wa tatu.

"Iko moya kweli?" akauliza polepole.

Basi, nikavunjika.

"Tano," nikasema. "Andika tano. Kuamka, tano. Kulala, tano. Mikono, andika tano mara mbili. Mukijifungia ndani ya ile blouse ya nylon mukasikia mutu anavuta pumzi na haipate, mutaandika ngapi, nyinyi ba profesa?"

Aliandika. Akauliza mengine, nikajibu yote, na kila jibu lilinipunguzia mzigo kama mtu anayetua maji kichwani. Akafika la mwisho.

"Kuna kitu unachofanya ili upate nguvu ya kuingia, na hujamwambia mtu?"

"Utanicheka."

"Mi? Siwezi."

"Plamedie aliacha sabots, ile viatu yake ya kazi, ndani ya armoire yetu. Ile ya rangi ya majani. Kila asubuhi naitoa, naiweka chini, naisemesha. Naiambia: tuende, Plame, leo tu. Njo naingia. Siku sikuisemesha, miguu ilikataa kupanda ngazi. Kapya alizani niko natafuta ufunguo."

Guelor akaacha protocole yake pale mezani. Akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti changu, akashika mikono yangu kwa wepesi, kama anashika yai. Nilisikia harufu ya sabuni ya kwao Kamalondo, ile ya duka la mama yake, nikafumba macho.

"Toka kule nyuma, Lombe."

"Na Kapya? Na bagonjwa? Kuko mama moya wa kitanda cha ine, Mama Mado, anauzishaka maharagi ku Katuba. Uso yangu haijue, anajua macho tu. Nikiingia anasema: macho ya mutoto wangu inafika. Nimuache na nani?"

"Mama anasema ndoa iko. Lakini kwanza utoke kule. Unajua vile papa alikufa."

Nilijua. Baba yake aliingia hospitali nyingine kwa miguu yake, akatoka ndani ya mfuko.

"Najua mama yako anasema nini," nikamwambia. "Na we unasema nini?"

"Mi nakupenda."

"Sikuuliza ile."

Macho yake yakaenda kwenye karatasi mezani. Nikashika kidevu chake juu ya barakoa.

"Guelor. Hii karatasi, directeur akiiona, atanitoa siku ileile, na Kapya atabakia yeye moya. Unasikia? Niliisema kwa we tu."

"Iko siri."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Lombe."

Akashusha barakoa, akanibusu vidole, pale palipopasuka. Alhamdulillahi wangesema Waislamu, mimi nilisema tu Mungu asante, maana jioni ile nililala saa saba mfululizo, mara ya kwanza tangu tumzike Plamedie.

Alhamisi médecin directeur, mganga mkuu wetu, akaniita ofisini. Ni mzee mpole, hasemi kwa sauti.

"Mama Lombe, kuanzia leo utakuwa kwa consultation ya bamama ya mimba. Kule nyuma, basi."

"Juu ya nini, Docta? Nilikosa nini?"

"Haukukosa. Ulichoka. Hata mi ningechoka, kama ningefika mahali pa kusemesha viatu ya marehemu."

Nilishika ukingo wa meza yake. Viatu. Duniani watu wawili tu walijua habari ya viatu: mimi, na yule niliyemwapisha.

"Ni nani alikuambia, Docta?"

"Mutu mwenye kukupenda sana. Usimukasirikie."

Nilimpigia Guelor mara kumi na moja. Hakushika. Ikaingia meseji: *Pardon, chérie. Siku moya utanishukuru. Samedi tunakuya kwenu na mama, mambo yote imekuwa sawa.*

Ijumaa mchana, nikiwa nampima mama mmoja presha, simu ikalia. Ilikuwa Yaya Kapya, na kwanza sikumtambua, kwa sababu Kapya halii.

"Lombe, mama. Chupa ya kitanda cha ine iliisha. Niliita, hakuna mutu. Nikavuta toroli mi mwenyewe. Ku ngazi ikaanguka, ikanifungia mlango. Nilikuwa nasikia vile anavuta. Kisha sikusikia tena."

"Mama Mado?"

"Aliuliza asubuhi. Alisema: leo macho ya mutoto wangu iko wapi?"

Sijui nilimaliza vipi kumpima yule mama presha. Namba niliiandika, lakini sikuiona.

Jumamosi wakaja. Kwetu, mwanaume huanza kwa kufunga mlango: analeta kitenge na neno, ili wengine wajue msichana huyu ana mtu. Guelor alifunga mlango mwezi wa kwanza, na mama yangu alikiweka kitenge kile ndani ya kantini yake, lile sanduku la bati, pamoja na nguo za Pasaka. Sasa walileta yaliyobaki: suti ya baba, jembe jipya, mbuzi dume aliyekuwa analalamika nyuma ya gari. Mama Adolphine, mama yake Guelor, alishuka na kitambaa cheupe kichwani. Wiki zote zile alikuwa hanigusi. Siku hiyo alikuja moja kwa moja akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mwana wangu. Unatoka ku kinywa ya kifo. Sasa uko wangu."

Baba yangu, Papa Jeannot, mkulima asiyependa maneno mengi, aliketi na mikono juu ya magoti. Vitu vikapangwa juu ya mkeka. Lakini kwetu haviguswi mpaka msichana aulizwe mbele ya wote. Akisema "mule", yaani pokeeni, ameolewa.

"Lombe," baba akasema. "Hivi bintu, unaviona. Tule?"

"Papa, ngoja kidogo. Kuko maswali nataka kuuliza Guelor."

Wageni wakaguna. Mama Adolphine akacheka: "Muache aulize! Bibi arusi wa siku hizi, banasoma."

Guelor alikuwa amevaa shati jeupe nililompenda nalo. Alinitazama na yale macho yake, na nilimpenda, niwaambie ukweli. Nikasimama mbele yake.

"Unajibu kutoka moya mpaka tano. Moya ni hapana kabisa, tano ni sana sana. Swali ya kwanza: unanipenda?"

"Lombe, hapa mbele ya bantu..."

"Jibu."

"Tano."

"Ya pili. Uko naogopa nikufe?"

"Tano. Kila siku, tano."

"Ya tatu. Ile saa ulisimama ku mulango ya directeur na siri yangu mukononi. Ulijiuliza mi nitasema nini?"

Mbuzi akalia nje. Guelor akaangalia jembe, akaangalia mama yake, na mwisho akaniangalia mimi. Hakudanganya, hilo nampa.

"Moya," akasema. "Nilifikiri woga yangu tu."

"Kitanda cha ine kulikuwa mama. Nilikuambia jina yake. Jana chupa yake iliisha, na Kapya alikuwa yeye moya ku toroli. Ile mama alikufa anauliza macho yangu."

Guelor akafunika uso kwa mikono. Mama Adolphine ndiye aliyesimama, kitambaa kimemlegea.

"Na mi je?" akasema, na hakuwa anagomba, alikuwa analia. "Niliolewa miaka makumi tatu, na nilizika mufuko! Balinikataza hata kumuona uso. Sijui kama walimufunga muzuri, sijui kama alikuwa na soksi. Sitaki mutoto wangu azike mufuko. Ni mimi nilimusukuma kwa directeur. Unichukie mi."

"Sikuchukii, mama. Nakuelewa." Nilimshika mkono. "Ile mifuko, mi njo naifungaka. Mama Mado alifungwa na Kapya, lakini bengine bote ni mikono hii. Naosha uso, napanga nguo, soksi navalisha. Mama ya mutu fulani iko nje ku barabara, hawezi kuingia. Nikitoka kule, nani atavalisha soksi?"

Akaketi chini.

"Lombe," Guelor akasema, "nilifanya juu ya mapenzi."

"Najua. Njo maana inaniuma. Ungekuwa adui, ningelala."

"Nitaenda kwa directeur lundi. Nitamuambia nilidanganya."

"Hapana. Utamuambia uongo ingine juu yangu? Mambo yangu nitayasema na mudomo yangu. Uliniapia Mungu, Guelor, ukaniuza siku ya pili. Leo ni kazi. Kesho kama ni mutoto wetu, kama ni mugonjwa yangu, kama ni tumbo yangu, ukiogopa utafanya tena. Na kila saa utasema unanipenda, na itakuwa kweli."

Baba alikohoa. Mara ya pili inaulizwa, na ya tatu, kwa desturi, ili msichana asije akasema hakusikia.

"Lombe. Tule?"

Mama yangu alikuwa amebana midomo. Nilijua nina miaka ishirini na tisa, nilijua watu watasema nini kesho kanisani, nilijua hakuna mwanaume mwingine mwenye masikio yanayoiva vile.

"Lombe," baba akasema mara ya tatu, chini sana. "Mwana wangu. Tule?"

"Musile, papa."

Mama yangu akaenda chumbani. Nikasikia kantini inafunguliwa. Akarudi na kile kitenge, bado kimekunjwa kama kilivyokuja, akakiweka juu ya suti. Wakabeba vyote. Guelor alichukua jembe kwa mkono mmoja na kamba ya mbuzi kwa mwingine, na mbuzi akakataa kutembea, na hakuna aliyecheka. Mlangoni aligeuka. Nadhani alikuwa anangoja niseme neno. Nililia baadaye, nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mama akaja akaketi karibu nami.

Jumatatu nilifika hospitali mapema, na barua yangu mkononi. Niliandika mwenyewe, na jina langu juu, si namba: *Naogopa. Siku nyingi silali. Nahitaji kuonana na psychologue, na nahitaji kurudi jengo la nyuma, kwa sababu kule tuko wawili tu.* Directeur aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akafuta, akavaa, akasaini.

Kapya alikuwa kwenye ngazi, amesimama karibu na toroli, bandeji mkononi. Kitambi kilikuwa kimepungua kwa siku nne. Aliponiona hakunisalimia. Alitazama zile sabots za kijani nilizozishika. Nikaziweka chini mbele yake, bila kuficha.

"Tuende, Plame," nikasema kwa sauti. "Leo tu."

Nilidhani atanitania, maana Kapya hutania hata maiti. Hakutania.

"Mama," akaniuliza, "leo uko ngapi?"

"Tano, Yaya. Na we?"

Yeye ndiye aliyetufungia mlango akatuambia sote tuandike moja. Akatazama kando, kule ukutani.

"Tano," akasema. "Tangu siku ya kwanza." Akapangusa uso kwa bandeji. "Shika kichwa ya chupa."

Nikashika. Tukapanda.